Mashine ya kubangulia korosho inacheza: nianze na visu vya springi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nachingwea. Nina mashine ya kubangulia korosho ya visu viwili, ile ya kanyagio chini na mpini juu. Niliinunua mpya msimu uliopita, haikumaliza miezi miwili ikaanza kucheza. Sasa katika korosho kumi napata nzima nne au tano, zilizobaki ni vipande. Marehemu mjomba alikuwa fundi magari, ameniachia sanduku la vyuma: mabamba ya springi za Land Rover, pistoni tatu na konrodi zake (mikono inayozishika), beringi za kila namna na kipande cha reli kama futi mbili. Watu wananiambia chuma cha zamani ndicho chuma. Nataka nitengeneze visu vipya vya springi na reli niifanye kitako. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mjomba.

Visu viache kwanza. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mashine inacheza, halafu tiba unayoitaka ni ya makali. Anza na pini, yaani bolti ile ambayo mkono wa kisu unajipindia.

Shika mkono unaobeba kisu, usukume kushoto na kulia, siyo mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, fungua bolti ya pale unapojipinda uitazame. Mashine za bei nafuu ninazoletewa hapa Mtwara karibu zote zina ugonjwa mmoja: bolti ya kawaida imepitishwa kwenye tundu la chuma laini, bila bushi (kile kibomba cha ndani kinachopokea msuguano), na nyuzi zake zimeingia mpaka ndani ya tundu. Nyuzi za bolti ni tupa. Kila unapokanyaga zinasaga kidogo, na mwisho wake tundu linakuwa yai.

Sasa tupige hesabu. Tuseme tundu lina urefu wa milimita 20, kisu kiko milimita 120 kutoka kwenye pini, na pini imelegea nusu milimita tu. Gawa 120 kwa 20, unapata sita. Ile nusu milimita, ikifika kwenye kisu, imekuwa milimita tatu. Na ganda la korosho unene wake ni hizohizo milimita tatu hivi. Kwa maana hiyo kisu kinaweza kumaliza ganda lote upande mmoja na kuingia kwenye punje, huku upande wa pili hakijafika popote. Ukikinoa, kitakata punje vizuri zaidi, basi.

Dawa unayo sandukuni, ila siyo ile uliyoifikiria. Ni pini ya pistoni. Ni chuma kigumu juu, kimesagwa na kung'arishwa kuliko kitu chochote utakachokerezewa mtaani, na bushi yake ya shaba inakuja nayo, imebanwa kwenye kichwa kidogo cha konrodi. Pini na bushi vilishazoeana kwenye injini kwa miaka. Nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele. Toa klipu mbili za pembeni, chovya pistoni kwenye maji ya moto dakika kumi, alumini itatanuka na pini itatoka kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukiilazimisha kwa nyundo ikiwa baridi utaiharibu. Pitisha ukucha juu yake kuanzia ncha mpaka ncha. Ukucha ukikwama, pini hiyo imekula, chukua nyingine. Unazo tatu.

Bushi zitoe kwa kuzibana kwenye jiliwa (vaisi), siyo kwa patasi, na chukua mbili, uzipange kwa mstari ndani ya bomba nene moja. Ukipata urefu wa milimita 50 au zaidi badala ya 20, hesabu yetu ya juu inageuka kuwa upande wako. Mpangilio wa kazi hapa ni muhimu: bomba lichomelewe kwanza kwenye mkono wa mashine, lipoe lenyewe, ndipo fundi wa kukereza alisawazishe ndani, na bushi ziingie mwisho. Niliwahi kuchomelea bomba bushi ikiwa tayari ndani. Joto la welding likaipindisha, pini ikagoma kuingia, nikarudia kazi nzima kwa gharama yangu.

Pini usiitoboe, utaunguza ncha za drili bure. Ina uwazi katikati. Pitisha bolti ndefu humo, ibane pini pande zote mbili kwenye fremu ili isizunguke, mkono ndio uzunguke juu yake. Tundu la mafuta la bushi lielekee juu. Grisi iwe kidogo, na weka washa ya ngozi kila upande, maana yale mafuta meusi ya ganda yakiingia humo yanakauka kama vanishi.

Ukishafunga, bangua korosho hamsini kwa visu vilevile vya zamani. Sitashangaa ukiishia hapo.

Kama bado unavitaka visu vya springi, sikuzuii, ni chuma kizuri sana. Wahunzi wetu wanafulia mapanga humohumo. Lakini bamba lililobeba Land Rover barabara ya Masasi enzi za vumbi huenda lina ufa usioonekana. Lipake mafuta ya taa, liache robo saa, lifute likauke, kisha lipake chaki. Palipo na ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki. Kata mbali na hapo.

Springi haikunjiki ikiwa baridi. Ipashe moto mpaka sumaku (ya spika mbovu inatosha) isiishike tena, ni kama nyuzi 770 za selsiasi, kisha ifukie kwenye jivu kavu mpaka kesho. Asubuhi itakuwa laini, utaikunja kufuata kile kisu cha zamani na kuipiga tupa. Umbo likikamilika ipashe tena mpaka sumaku iachie, ichovye kwenye mafuta ya vuguvugu, siyo maji. Maji yataipasua. Fanyia nje, na mfuniko wa ndoo uwe mkononi, kwa sababu mafuta yanaweza kuwaka. Hapo kisu ni kigumu lakini kinavunjika kama sahani, kwa hiyo kisugue king'ae, kipashe polepole kutokea mgongoni na uangalie rangi. Itakuja manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau. Kahawia inapoanza kugeuka zambarau, toa. Ukifika bluu umepitiliza kwa kazi hii, na ukichomelea chochote karibu na makali baada ya hapo umeifuta kazi yote. Kisu kifungwe kwa bolti.

Visu visikutane kabisa. Weka nati ya kuzuia, uirekebishe kwa korosho halisi, na uzichambue kwanza kwa ukubwa. Mpangilio wa kubwa utaziacha ndogo hazijafunguka, na wa ndogo utazichinja kubwa.

Nikuulize na wewe: unazipika kwa mvuke kisha unazipumzisha usiku kucha kabla ya kubangua? Ganda linatakiwa liwe limekauka, linakatika kwa sauti. Ukizibangua zingali na joto la pipa, ganda linanepa, punje inasagika, na hakuna pini ya pistoni itakayokusaidia.

Vyuma vilivyopakwa zinki au rangi ya zamani visikaribie visu. Yale mafuta ya ganda ni ya tindikali, yanababua ngozi, na rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Visu vifute kwa mafuta ya kula, mikono ipake mafuta na jivu kama wanavyofanya kina mama. Beringi zirudishe sandukuni, mkono wa mashine hauzunguki duara wala hauna kasi, beringi itafanya nini pale?

Na reli usiikate. Kama ni ya Nachingwea, huenda ni ya njia ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, iliyong'olewa miaka ya 1960. Kwa kitako ni uzito wa bure, ubao mzito wa mninga unatosha na hautetemi. Ichimbie kwenye gogo, mgongo juu. Ndiyo fuawe utakayokunjia hivyo visu.