Nonnus na Injili ya Yohana

Ndugu, umeuliza msomaji wa Biblia wa leo anapata nini kwa Nonnus, yule mshairi wa Panopolis, Misri, aliyeigeuza Injili ya Yohana kuwa shairi la Kigiriki karne ya 5. Kwangu mimi anafaa kwanza kama shahidi wa jinsi maandishi ya Injili hiyo yalivyokuwa zamani. Fungua sura ya 8: kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini hakimo kabisa, anaruka moja kwa moja hadi "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu". Hati za kale za Biblia ya Kigiriki kama Sinaiticus na Vaticanus nazo hazina kisa hicho, kwa hiyo kimya chake kina uzito: huenda nakala aliyoisoma nayo haikuwa nacho.

Halafu unaona Injili ilivyosomwa enzi zake. Kwenye harusi ya Kana, Yohana anasema tu "mama yake Yesu". Nonnus anampa cheo cha Mzazi wa Mungu, jina lililogombaniwa kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Efeso mwaka 431. Hapo anayesikika ni Kirilo wa Aleksandria, askofu aliyelitetea jina hilo, zaidi ya Yohana.

Ila usijenge hoja juu ya kila kivumishi chake. Jamaa alipenda madoido mno, na mengine aliyachomeka ili mizani itimie tu.