Maswali na majibu: Shimo la changarawe haligeuki bwawa lenyewe

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliokwisha kuchimba. Nawajibu, ila nawasihi wanaojiandaa kuchimba wasome kwa makini kuliko wengine wote.

Nimechimba changarawe miaka 6 hapa Kongwa. Shimo lina hekta 1 na kina cha mita 3. Nataka liwe lambo la mifugo. Nianze na nini?

Anza kwa kujua maji yatatoka wapi. Mvua ya ukanda wa Dodoma ni kama milimita 600 kwa mwaka, na jua la huko hunywa karibu milimita 2,000 kwenye maji yaliyo wazi. Mvua inayonyesha shimoni peke yake hailiwezi jua hilo. Utategemea maji yanayotiririka kutoka mashamba ya juu yako. Ikikufikia sehemu 1 kati ya 10 ya mvua, kila hekta itakuletea mita za ujazo 600. Shimo lako, kingo zikishalazwa, litabeba kama 25,000. Piga hesabu: unahitaji zaidi ya hekta 40 zinazokuelekezea maji, na hapo jua halijachukua lake. Kama shimo liko mgongoni mwa kilima, usipoteze fedha. Rudishia udongo, panda miti.

Kama eneo hilo la kukuletea maji lipo, pima sakafu. Chimba kashimo ka sentimita 60, kajaze maji, yaache yanywewe, kisha ujaze tena jioni. Asubuhi ukikuta pakavu, sakafu itataka udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe tabaka kwa tabaka za sentimita 15 hadi ufikie nusu mita. Changarawe hupitisha maji. Sijui kwa nini kila mwezi naulizwa mbona shimo limekauka.

Nina leseni ndogo ya hekta 4. Nigawe vitalu vingapi, nianzie juu au chini?

Hili ndilo swali ninalolisubiri mwaka mzima. Vinne, uanzie chini.

Kitalu cha chini kikiisha, kinapokea maji ya kuoshea changarawe ya vitalu vinavyofuata. Tope laini linatuama humo, nawe usilitupe: likikauka, ukilichanganya na mfinyanzi, linasaidia kuziba sakafu. Ukifungua kitalu cha pili, udongo wake wa juu uende moja kwa moja kwenye kingo za kitalu cha kwanza. Tipa inaubeba mara moja tu, na udongo haukai kwenye lundo hadi ukafa. Kitalu cha mwisho, kile cha juu, kichimbe kidogo kuliko vingine. Ndicho kitakachokuwa mtego wa mchanga, kwa sababu mafuriko yatafikia hapo kwanza. Bila mtego huo, mchanga utakujazia lambo polepole.

Chimba kwenda chini kuliko kutanuka, maana jua hunywa kwa upana wa uso. Ila usiache kuta wima: kila mita 1 ya kwenda chini, mita 3 za kwenda ubavuni.

Na udongo wa juu usiuze! Kule Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971 kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26 za miti. Zilizomudu ule mwamba mtupu, usio na udongo, ni chache mno, mvinje ukiwa mbele. Wewe huna fedha za kiwanda cha saruji.

Shimo langu lina maji hata kiangazi. Nina bahati?

Umefukua maji ya ardhini. Hicho ni kisima kisicho na mfuniko, na jua linakunywea maji yenu wote, wewe na majirani wenye visima. Kule Colorado, Marekani, mwenye shimo la namna hiyo hutakiwa kufidia maji yanayopotea hewani, au azungushe ukuta wa udongo usiopenyeza hadi kwenye mwamba. Sisi tunashangilia. Nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako kabla hujafunga pampu. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali.

Naruhusiwa kuchimba hadi ukingoni mwa mto?

Hapana. Mita 60, Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Nimeshalijibu hili mara nyingi.

Mkandarasi wa barabara anataka moramu (changarawe ya barabara) shambani kwangu, ameahidi kuniachia bwawa bure. Nisaini?

Usisaini ahadi ya mdomo. Nimewahi kusimama kwenye "bwawa bure" la namna hiyo: kuta wima, maji ya kahawia, hakuna uzio, na mama mmoja pembeni ambaye mwanawe aliteleza humo akichota maji. Mkandarasi alishahama mkoa. Andikisheni kina, ulazo wa kingo, udongo wa juu kurudishwa, uzio, na utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada. Fedha fulani ibaki mikononi mwa kijiji hadi mvua za kwanza zipite. Na mwombeni awaonyeshe mpango wa kurejesha mazingira kabla kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakijashuka kwenye lori.

Ng'ombe wanywee humo humo?

Hapana. Kwato zinatoboa mfinyanzi uliogharimia, na kinyesi kinaharibu maji. Vuta bomba hadi kwenye mbauti (hori la kunyweshea) nje ya uzio, upande wa chini. Watoto nao wasiogelee humo. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia.