Kemo iliisha zamani, mbona bado nachoka?

Mlionitumia maswali kuhusu uchovu baada ya matibabu ya saratani ya matiti, na kuhusu mazoezi ninayowashauri kupunguza uchovu huo, haya majibu yenu, nimeyaweka pamoja maana mengi yanafanana.

Nilimaliza kemo na mionzi mwaka jana, vipimo viko safi. Lakini nikifua nguo mbili tatu mwili umeisha, nalala usiku mzima naamka nimechoka vilevile. Ugonjwa umerudi?

Pole sana dada. Uchovu peke yake haumaanishi ugonjwa umerudi, huu ni uchovu unaojulikana kabisa, unaweza kukaa miezi na kwa wengine hata miaka, na tabia yake ndo hiyo uliyoisema, usingizi hauuondoi. Ila kapime damu kwanza, maana kama damu ni pungufu au homoni za thairoidi (tezi ya shingoni) haziko sawa utajilaumu bure wakati kuna kitu kinatibika. Sema pia kama una maumivu, usingizi unakatika au huna hamu na chochote, vyote hivyo vinachosha. Na ukiona unakonda bila sababu, mfupa unauma hauachi, au pumzi inakatika, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kila mtu ananiambia pumzika, wewe unasema mazoezi. Mtu aliyechoka anafanyaje mazoezi jamani?

Najua inaudhi kuambiwa hivyo. Lakini ukikaa sana misuli inapungua, moyo na mapafu yanazoea kazi ndogo, ngazi zilezile za jana leo zinakushinda, unapumzika zaidi na unazidi kuisha. Mwaka 2017 jarida la JAMA Oncology lilitoa uchambuzi wa tafiti 113, watu zaidi ya 11,000 wenye saratani mbalimbali, na mazoezi pamoja na tiba ya kisaikolojia viliupunguza uchovu kuliko dawa.

Sasa wengi wanaharibu kwenye kuanza. Siku ukiamka na nguvu unataka kufidia kila kitu, unafagia, unafua, unapika, halafu unatembea saa nzima, siku mbili zinazofuata uko kitandani unasema mazoezi hayakufai. Usipange kwa siku nzuri, panga kwa siku mbaya. Kama siku mbaya unaweza dakika tano, basi siku nzuri nayo ni tano hizohizo, unarudi bado unatamani kuendelea (hapa ndo pagumu, watu hawapendi kuambiwa waache wakiwa bado wanaweza). Wiki ikipita salama ongeza dakika moja au mbili. Mwendo uwe wa kuweza kuongea ila kuimba huwezi. Ukiamka kesho yake umechoka kuliko kawaida, jana ulizidisha, punguza, usiache. Wataalamu walipendekeza mwaka 2019 dakika 30 mara 3 kwa wiki na mazoezi ya misuli mara 2, utafika tu, hata kama itachukua miezi.

Nilitolewa tezi za kwapani nikaambiwa nisinyanyue kitu kizito maisha yangu yote. Dambeli je?

Huo ni ushauri wa zamani, hofu ilikuwa mkono utavimba. Mwaka 1996 kule Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie alikusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti wakapiga makasia kwenye mtumbwi, kazi yote ya mikono, na hakuna aliyeanza kuvimba mkono. Halafu 2009 ukatoka utafiti wa wanawake ambao mkono ulikuwa tayari umevimba, wakanyanyua vyuma taratibu kwa kusimamiwa, mkono haukuzidi kuvimba. Anza na uzito mdogo hata ukiona kama unajichekesha, na mwanzoni uwe na mtaalamu wa fiziotherapi. Pete ikianza kubana au mkono kuwa mzito, simama umuone.

Natumia letrozoli (vidonge vya homoni vya saratani ya matiti), asubuhi vidole na magoti vinakakamaa. Niache mazoezi?

Usiache, mazoezi yanapunguza hayo maumivu, yamefanyiwa utafiti. Na vidonge usiviache kimyakimya, mwambie daktari.

Mke wangu alipona ila analala tu mchana. Nimsukume?

Kaka, sio uvivu huo, na kumsukuma hapana. Chukua wewe ile kazi ya nyumbani inayommaliza kabisa, nguvu alizobakiza azitumie kutembea, na mtembee wote kwa mwendo wake sio wako.

Kuna wakati mazoezi ni marufuku?

Ukiwa na homa, kizunguzungu au kifua kinauma, siku hiyo acha, na kifua kikiuma nenda hospitali. Kama saratani imefika kwenye mifupa usiruke wala kubeba vizito mpaka daktari akuelekeze. Uliyepewa doksorubisini (ile dawa nyekundu) au trastuzumabu, dawa za saratani zinazoweza kugusa moyo, uliza kama moyo wako umepimwa kabla hujaanza mazoezi ya nguvu. Na mwenye ganzi miguuni, tembea sehemu tambarare na viatu vya kufunga, ndala hapana, na ukirudi angalia nyayo maana unaweza kuwa umechubuka na hujasikia.