Shule kwanza, tena ya kifahari

Mhariri, mmeuliza wiki hii mji mdogo wa mgodi ujenge nini kwanza wakati madini bado yako ardhini. Najua wengi watasema hospitali, wengine barabara, sawa, ila mi nasema shule, na siyo shule ya kubanabana bajeti, shule ya kifahari haswa. Mfano wangu ni Hibbing, kule Minnesota Marekani, mji wa watu kama elfu 16 uliokaa kando ya shimo la chuma linaitwa Hull-Rust-Mahoning. Nilishafika hapo, ukisimama ukingoni shimo linaenda zaidi ya kilomita 5 kwa urefu, na yale malori makubwa ya mgodini kule chini unayaona kama sisimizi.

Mji ulianza 1893 halafu ikaja kuonekana kumbe wamejenga juu ya chuma chenyewe. Kampuni ya mgodi ikataka wahame. Basi kuanzia 1919 majengo yakang'olewa mzima mzima, yanawekwa juu ya magogo yanavutwa na farasi na mashine za mvuke kwenda kusini, majengo kama 180 hivi. Hoteli moja, Sellers, ikawaponyoka njiani ikaanguka ikawa rundo la mbao. (Msicheke, Kiruna kule Uswidi nako ni chuma hichohicho kimewahamisha, Agosti 2025 wamelisogeza kanisa zima la mbao, tani 672, siku mbili barabarani.)

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Watu wa Hibbing hawakuhama kienyeji. Walikuwa na meya anaitwa Victor Power, mwanasheria, mwiba kwelikweli kwa kampuni, kwenye kodi hakuwaachia wapumue, na kuhama kwenyewe ikabidi kampuni ikulipie kwa mji mpya wenye majengo ya maana. Shule ya sekondari ilijengwa kati ya 1920 na 1923 ikala karibu dola milioni 4 za wakati ule, hebu fikiria. Ukumbi wake una viti 1,800, taa za vioo vya kuchonga zinazoning'inia zilitoka Ulaya, kuna na kinanda kikubwa cha mabomba, yaani ukiingia unadhani umekosea njia umeingia jumba la opera. Na waliokaa kwenye vile viti ni watoto wa wachimbaji, Wafini, Waitaliano, Waslovenia, ambao wazazi wengi Kiingereza walikuwa wanakiokoteza, wanakwenda madarasa ya jioni baada ya zamu wakiwa bado na vumbi jekundu kwenye kucha.

Kuna atakayesema hiyo ni hisani ya kampuni. Hisani gani? Chuma kikishatoka hakirudi, siyo muhindi huo kwamba utapanda tena, kwa hiyo pesa unaidai wakati mwenzio bado anakuhitaji usogee. Ukisubiri amalize kuchimba utamdai nini, shimo? Na kweli yale mawe mazuri yalikuja kupungua, ikabidi wahamie takonaiti, jiwe gumu lenye chuma kidogo, linasagwa mpaka unga, chuma kinanaswa kwa sumaku kinaviringishwa vidonge. Kazi ya gharama, na bei ya chuma ikianguka watu wanarudishwa nyumbani. Shule haijawahi kurudishwa nyumbani.

Kampuni kubwa ya mabasi ya Marekani, Greyhound, nayo ilizaliwa hapohapo 1914, Carl Wickman alishindwa kuuza gari akaamua kubebea wachimbaji kwa senti 15, ila hiyo ni bahati, huwezi kuiweka kwenye mpango wa mji. Mwanamuziki Bob Dylan naye amemaliza shule pale 1959, haya.

Mi kilichonishika ni vitasa vya milango. Ni vya shaba, vizito, vina nembo ya shule, na pale mkono unaposhika vimeng'aa kuliko kwingine kote. Miaka mia ya viganja vya watoto.