Zabibu za Kuiba na Pesa za Mazishi: Mmeuliza kuhusu Vyama vya Wahungaria wa Marekani

Mwezi uliopita niliandika kwa kupitia tu kwamba jirani yangu Mhungaria, hapa magharibi mwa Pennsylvania, alinipeleka kwenye dansi ya chama chao na nikarudi nyumbani nimetozwa faini. Sikujua kwamba sentensi ile moja ingeniletea barua kuliko makala nzima. Nimechagua chache.

*Unaita "chama", lakini kumbe jirani yako ana bima humo. Sasa hiyo ni kampuni ya bima au klabu ya dansi? – Msomaji, Columbus, Ohio*

Ni vyote viwili, ila kilichotangulia ni jeneza.

Tarehe 21 Februari 1886, wachimba makaa ya mawe 13 katika mji wa Hazleton, hapahapa Pennsylvania, walianzisha chama cha kusaidiana wakakipa jina la Verhovay, mwanasiasa mmoja wa kwao. Kumbuka hali ya wakati ule. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi haikupitishwa katika jimbo hili mpaka 1915. Mwamba ukikuangukia mgodini, umekuangukia wewe na mkeo na wanao. Na wengi hawakuwa hata na mke hapa. Walikuwa wanaume peke yao, wamepanga katika kile walichokiita *burdosház*: nyumba ya mama wa Kihungaria anayewapikia na kuwafulia wapangaji kumi au zaidi. Wa zamu ya mchana akirudi, wa zamu ya usiku anaondoka na kumwachia kitanda kikiwa bado na joto. Mtu wa namna hiyo akifa, nani atamwosha, nani atanunua sanduku, nani atamwandikia mama yake kijijini? Ndiyo kazi ya chama. Sisi tuna neno la kufa na kuzikana. Wao walilitia kwenye katiba.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Tarehe 19 Desemba 1907 mgodi wa Darr, pale Jacobs Creek, ulilipuka ukaua watu 239, wengi wao wahamiaji kutoka Hungaria. Kwenye makaburi ya Olive Branch kuna kaburi moja lenye watu 71, na 49 kati yao hawakutambulika. Wengi waliopona walipona kwa sababu ya sherehe: siku ile, kwa kalenda ya zamani, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, na wachimbaji wa kanisa Katoliki la Kigiriki hawakushuka mgodini. Wenzao walioshuka, karibu wote hawakurudi.

Jirani yangu ana beji ya chama ya babu yake, ya utepe, ndefu kama kiganja na vidole vyake. Upande wa mbele ni nyekundu, nyeupe na kijani, na nyuzi za dhahabu zimening'inia chini. Hiyo ni ya gwaride na dansi. Akaigeuza mkononi: nyuma ni nyeusi tupu, na maandishi ya rangi ya fedha. Hiyo ni ya msiba. Beji ni ileile na pini ni ileile, kazi yako ni kuigeuza tu kabla hujatoka nyumbani. Upande mweusi, nikaona, ndio uliochakaa zaidi.

Na dansi je? Jibu la jirani yangu lilinichekesha. Ada ililipwa mkononi, ukumbini, siku ya kikao, na mweka hazina aliketi na daftari lake karibu na mlango. Huwezi kuifikia bia bila kumpita. Ukiniuliza mimi, dansi ndiyo iliyokuwa mkusanya madeni bora kuliko barua yoyote ya ukumbusho.

Mwaka 1955 Verhovay waliungana na chama cha Rákóczi cha Bridgeport, Connecticut, na leo chama hicho kinaitwa William Penn Association, makao yake Pittsburgh. Si hao peke yao. Waprotestanti wa Kihungaria nao walikuwa na shirikisho lao, lililoanzishwa Trenton, New Jersey, mwaka 1896.

*Nimealikwa na mfanyakazi mwenzangu kwenye "szüreti bál". Nivae nini, na kuna nini huko? – Dada wa Cleveland*

Nenda! Ni dansi ya mavuno ya zabibu, nayo huangukia Septemba au Oktoba. Vaa gauni lako la kawaida la kutokea, na viatu usivyoviogopea, maana utazungushwa.

Ukiingia, tazama juu. Wametandaza kamba na waya chini ya dari, na vishada vya zabibu vimening'inia juu ya vichwa vya watu, kana kwamba ukumbi mzima ni shamba. Vijana na watoto waliovaa mavazi ya kwao ndio walinzi wa shamba, wanaitwa *csősz*, tamka "chöös". Mchezo ni huu: wewe unacheza muziki huku unavizia kuchuma zabibu. Mlinzi akikuona, unakamatwa unapelekwa mbele ya hakimu, ambaye amekaa na mkewe mezani kwa heshima zote. Hakimu hasikilizi utetezi. Unalipa faini, pesa zinaingia kwenye mfuko wa chama, na unarudi kucheza.

Mimi nilikamatwa na binti wa miaka kama saba. Nilikuwa nimechuma punje mbili tu. Akanishika kanzu, akanivuta ukumbi mzima kama mbuzi wa kwenda mnadani, na yule hakimu, mzee wa masharubu meupe, akaniuliza kama kwetu tunaiba hivi. Nikasema kwetu tunaiba maembe. Akaniongezea dola moja.

Hakuna anayekwenda pale kuiba zabibu. Watu wanakwenda kutozwa faini. Anayeweza kuchangia zaidi anakamatwa mara tano, anayeweza kidogo anakamatwa mara moja au anajifanya haoni zabibu, na hakuna jina la mtu linalosomwa mbele ya kadamnasi pamoja na kiasi alichotoa. Ninyi mliowahi kusomewa michango yenu ukumbini kwa kipaza sauti mnajua ninasema nini.

Muziki ni violini, na ukibahatika utaikuta *cimbalom*. Kama unaijua kanuni ya taarab, hii ni binamu yake mnene, ila badala ya kudonolewa kwa vidole inapigwa kwa vijiti viwili. Wanacheza *csárdás*: inaanza polepole kabisa, unadhani ni ya wazee, kisha inashika kasi mpaka mzee uliyemwonea huruma anakuacha unahema.

*Mimi ni Mwislamu, nimesikia sherehe zao ni nguruwe mwanzo mwisho. Nikienda nitakula nini? – Baba wa watoto watatu, Akron*

Umesikia kweli. Kuna mkusanyiko wa kiangazi unaoitwa *szalonnasütés*, na shughuli nzima ni kuchoma kipande cha mafuta ya nguruwe kwenye kijiti juu ya moto na kuyadondoshea matone yake mkate wenye vitunguu, nyanya na matango. Kuna soseji, kuna kabichi iliyofungiwa nyama. Hata kuku wa *paprikás*, mbali ya kuchinjwa kwake, kwa desturi hukaangiwa vitunguu vyake kwenye mafuta hayohayo.

Jifunze maneno mawili: *zsír* ni mafuta ya nguruwe, *olaj* ni mafuta ya maji ya kupikia. Simama dirishani kwa akina mama wa jikoni uulize "zsír au olaj?", nao hawatachukia, mpishi anapenda mtu anayeulizia chakula. *Palacsinta*, chapati za maji nyembamba zinazojazwa jamu au jibini laini, mara nyingi ni salama ukishauliza. *Lángos*, mkate wa kukaanga unaopakwa vitunguu saumu, ndugu kabisa wa andazi asiye na sukari, uulizie vilevile. Saladi ya matango ya siki haina shaka. Na kahawa ipo.

Siku ya szalonnasütés yenyewe, kama moshi unakusumbua roho, mwambie rafiki yako utakuja siku nyingine. Ataelewa.

*Jumatatu ya Pasaka mwanangu wa kiume alirudi kutoka kwa rafiki yake Mhungaria akitaka kuwamwagia dada zake maji. Ndiyo adabu gani hiyo? – Mama mwenye hasira, New Jersey*

Ni *locsolás*, mama. Wavulana huenda nyumba kwa nyumba, wanatongoa shairi fupi, kisha wanawanyunyizia wasichana maji au manukato, ili wasinyauke kama maua. Msichana humpa kijana yai lililopakwa rangi. Zamani vijijini ilikuwa ndoo nzima ya maji ya kisima, kwa hiyo mshukuru Mungu kwa manukato. Mfundishe shairi kwanza. Bila shairi hana ruhusa ya kumlowesha mtu. Na dada zake wana haki ya kukataa, hilo halihitaji Uhungaria.

*Jumuiya yetu ina kaya kama 80. Mtu akifiwa kila kaya inatoa dola 50. Sasa vijana wamechoka, wanasema wanalipia misiba ya wazee tu. Hao Wahungaria walifanyaje? – Katibu wa jumuiya moja ya Watanzania (jina ninalo)*

Walianza kwa kosa lenu hilohilo, ndugu katibu. Nami niliye mweka hazina msaidizi kwetu ninakuandikia nikiwa na majeraha: mwaka mmoja tulifiwa mara tatu ndani ya miezi minne, na mara ya tatu simu zangu zikaanza kuita bila kupokelewa.

Vyama vya wahamiaji Marekani karne ya 19, si vya Wahungaria peke yao, vilichangisha sawasawa kila mtu anapokufa. Kijana wa miaka 20 alitoa alichotoa mzee wa 60. Wote wakiwa vijana, raha tupu: vifo vichache, mchango mdogo. Miaka 20 ikipita, waanzilishi wanazeeka pamoja, vifo vinaongezeka, mchango unapanda. Kijana anapiga hesabu, anaona anajaza mtungi wa mwenzake, anaondoka. Akiondoka, waliobaki ni wazee zaidi, mchango unapanda tena. Vyama vingi vilikufa hivyo, tena vikiwa na watu waaminifu kabisa. Mwaka 1898 umoja wa vyama vya aina hii ulitoa jedwali la vifo, yaani hesabu ya watu wangapi hufa katika kila umri, na polepole, kwa kusukumwa na sheria za majimbo, vikahamia kutoza kwa umri na kuweka akiba. Kelele zilikuwa nyingi, hasa kutoka kwa wazee walioona wamesalitiwa.

Ushauri wangu: tenganisheni vikapu. Rambirambi ibaki rambirambi, kila mtu kwa uwezo wake. Gharama kubwa, hasa ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani, kila mtu aikatie bima ya maisha kwa umri wake kwenye kampuni yenye leseni, na jumuiya ikazane kuhakikisha kila kaya inayo. Msijitungie bima yenu wenyewe kwenye daftari. Majimbo yana sheria kali juu ya hilo. Wahungaria leo ndivyo wanavyoishi: vyama vyao vina wahasibu, wakaguzi na akiba.

*Asiye Mhungaria anaweza kujiunga? – Msomaji, Pittsburgh*

William Penn, ndiyo. Ukikata bima yao umekuwa mwanachama, wa ukoo wowote. Ila usije ukajiunga kwa sababu ya lángos. Soma masharti ya bima kama unavyosoma ya kampuni nyingine yoyote.

*Sisi huku pwani tunawajua wapi hao Wahungaria? – Mzee wa Tanga*

Shikamoo mzee. Tunawajua tangu 1887, pale msafara wa Sámuel Teleki, bwana mkubwa wa Kihungaria, ulipotoka Pangani kwa miguu kwenda bara, na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa hapohapo Pangani, akiwa miongoni mwa walioijua njia. Mwaka uliofuata wakalifikia ziwa ambalo leo ni Turkana, Teleki akalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, kana kwamba Waturkana walikuwa wakilisubiri jina.

*Je, vyama hivyo bado viko hai, au ni wazee wanaokumbuka ujana? – Mwanafunzi, New Brunswick*

Wewe unayeuliza unaishi New Brunswick, ambako mwezi Juni mtaa mzima hufungwa kwa sikukuu ya Kihungaria! Toka nje ukaone.

Lakini ndiyo, kumbi zimepungua. Sheria za uhamiaji za 1921 na 1924 zilifunga mlango. Baada ya mapinduzi ya Hungaria ya 1956 kuzimwa na mizinga ya Kisovieti walikuja maelfu wengine, wengi wakipitia kambi ya Kilmer, jirani na mji wako huo, wakaleta lugha mpya na ugomvi mpya wa siasa. Watoto wao wakahamia vitongoji vya mbali. Lugha imebaki kwenye vyakula, matusi na sala. Ada nayo hulipwa kwa mtandao, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kumpita mweka hazina mlangoni, na hapo ndipo ninapoona walipoteza kitu bila kujua.

Kinachoendelea bila kutangazwa ni meza ya *csiga*, tambi za supu zenye umbo la konokono. Asubuhi moja jirani yangu alinichukua nikaione. Wanawake wapatao kumi, na mjukuu mmoja wa chuo aliyechelewa, wameketi na rundo la unga wa mayai uliokatwa miraba midogo kuliko stempu. Unaweka mraba juu ya kibao chenye mifereji, unauzungushia kijiti chembamba, unaubiringisha kwa kidole mara moja, unatoka kama konokono mwenye mistari. Huo ni mmoja. Bakuli la supu linataka makumi, na walikuwa wakitengeneza za kuuza ili wapake rangi ukumbi. Nilipewa kibao. Nilipofikisha konokono wa tisa, mama wa kushoto kwangu alikuwa ameshamaliza sinia na kunisimulia misiba mitatu, mmoja wa mume wake. Akavipekua vya kwangu, akavitenga pembeni, akasema hivyo tutapika wenyewe mchana.