Pushapu kila siku? Ebu pumzika kidogo

Vijana wa hapa Kireka, Uganda, wananiuliza sana, eti nifanye mazoezi mara ngapi kwa wiki? Ukimgeuzia swali anakwambia yeye anapiga kila siku, mia asubuhi mia jioni, manake ameona changamoto ya siku 30 TikTok. Mi jibu langu ni lile lile, mwili mzima mara tatu kwa wiki, na katikati unaruka siku. Hapo wengi hawanielewi, wanasema si nafanyia nyumbani tu, vyuma viko wapi? Bwana, kwenye pushapu mikono inabeba karibu theluthi mbili ya uzito wako, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anasukuma zaidi ya kilo 40 kila anapopanda. Huo ni mzigo.

Na misuli haijengeki pale unapotoa jasho, inajengeka baadaye, ukiwa umekula na umelala. Baada ya zoezi gumu mwili unakarabati kwa siku moja mpaka mbili hivi, ndio maana utasikia masaa 48 yanatajwa sana. Alafu maumivu yanachelewa, unapiga skwati Jumatatu, Jumanne uko poa, Jumatano kushuka kwenye teksi ni mpaka ushike kiti cha mbele. Ikiwa bado unauma namna hiyo ahirisha, ikiwa ni kidogo tu endelea lakini punguza.

Misuli lakini ina haraka, kano ndio hazina. Hizo kamba zinazoshika misuli na mfupa hazipati damu nyingi, zinakomaa polepole sana, na mtu anajiona ana nguvu kumbe kiwiko kimebaki nyuma. Kuna jamaa wa boda hapa steji alikuwa anapiga pulapu kwenye tawi la mwembe kila siku jioni, kifua kikatoka vizuri tu, alafu kiwiko cha kushoto kikaanza kumuuma kwa ndani mpaka kukaza klachi ikawa kazi. Tulimpunguzia zikawa mara mbili kwa wiki, anashuka taratibu, akihisi kinachoma anaacha. Ilichukua wiki nyingi lakini saa hii anaendesha bila kulalamika.

Kitu kingine ambacho video hazisemi (wale jamaa wa video sijui wanafanya kazi gani), kazi yako nayo ni mazoezi. Mtu anayeshusha matooke (ndizi za kupika) kwenye lori pale soko la Nakawa toka alfajiri, mgongo na miguu imeshafanya kazi, huyo skwati mia za jioni za nini? Miguu mara moja kwa wiki inamtosha, nguvu zingine aweke kwenye pushapu na pulapu. Wewe unayekaa ofisini mchana kutwa ndio hizo siku tatu zote zinakuhusu, usijifiche.

Mimi napiga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, pushapu, skwati, pulapu na planki (unajishikilia umenyooka juu ya viwiko), seti tatu tatu, na kila seti naacha nikiwa bado naweza mbili zaidi. Siku zingine natembea, vilima havikosekani huku. Jumapili silali njaa wala sipigi kitu.

Kama roho yako haitulii bila kufanya kila siku, sawa, fanya nusu ya unachoweza. Unaweza 20? Piga 10 uondoke. Ila ukiona zile pushapu zinapungua badala ya kuongezeka, usingizi umeharibika na asubuhi moyo unadunda kuliko kawaida yako, chukua siku mbili tatu za kukaa. Na ukikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, hapo hakuna kujadiliana, nenda hospitali siku hiyo hiyo, misuli imevunjika vibaya na inaweza kuharibu figo.

Chakula usihangaike na makopo ya unga wa protini wa jimu. Maharagwe, mukene (dagaa), karanga, roleksi (chapati iliyoviringwa) ya mayai mawili, vinafanya kazi.

Kwa anayeanza kabisa, siku mbili zinatosha, hata Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Chukua Jumatatu na Alhamisi kwa mwezi mmoja, alafu ndio uongeze ya tatu.