Kabla ya Kuuliza Mhadhiri Ajibu Lini, Tuulize Ajibu Wapi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: "Je, mhadhiri wa kozi ya mtandaoni anapaswa kumjibu mwanafunzi ndani ya muda gani?" Nimeshindwa kulipita kimya, kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga ninayesoma shahada ya elimu kwa njia ya mtandao, na jambo hili nakutana nalo karibu kila wiki. Kuhusu muda nitasema, lakini muda kwangu ni sehemu ndogo ya tatizo. Kinachotuumiza zaidi ni mahali jibu linapotolewa. Mhadhiri anaweza kujibu ndani ya dakika 5 na bado darasa zima likabaki halijui lolote, kwa kuwa jibu lake limeingia katika simu ya mtu mmoja.

Kwa wasiosoma kwa njia hii, nieleze kidogo. Kozi zetu zinaendeshwa kwenye Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi duniani. Ndani yake kuna ukurasa wa matangazo, ambako mhadhiri peke yake ndiye anayeandika, na kuna jukwaa la majadiliano, ambako kila mmoja wetu anaruhusiwa kuuliza na kujibu, jina lake likionekana juu ya alichoandika. Nje ya mfumo huo kuna kundi la WhatsApp lililoanzishwa na kiongozi wa darasa, halafu kuna namba ya simu ya mhadhiri, ambayo hupita mkono kwa mkono hadi kila mtu anakuwa nayo. Utaratibu wa chuo unasema kwamba swali la masomo liulizwe jukwaani. Mazoea yetu ni kuliuliza kwa ile namba.

Na namna tunavyouliza inachangia ucheleweshaji ambao gazeti lenu linauulizia. Wengi wetu, kwa malezi tuliyopewa, tunaona si adabu kumvamia mtu mzima kwa swali, kwa hiyo tunatuma "Shikamoo mwalimu" peke yake na kungoja marahaba. Marahaba inakuja jioni, swali linatumwa usiku, jibu linapatikana kesho yake mchana, na mwanafunzi analalamika kwamba mhadhiri hajibu. Salamu na swali vinaweza kukaa katika ujumbe mmoja bila heshima ya mtu yeyote kupungua.

Mwaka 1989 Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, aliandika kwamba katika masomo ya namna hii kuna mawasiliano ya aina 3: mwanafunzi na maudhui anayosoma, mwanafunzi na mwalimu wake, na mwanafunzi na wanafunzi wenzake. Alisisitiza pia kwamba umbali unaosumbua katika elimu hii haupimwi kwa kilomita, bali kwa kiasi cha mazungumzo yanayofanyika na jinsi kozi ilivyopangwa. Wazee wetu waliliishi jambo hili kabla halijaandikwa. Katika Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio ya mwaka 1973, redio ilisema na haikuweza kuulizwa, lakini watu walikaa katika vikundi vyenye kiongozi, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana walichokisikia na kukubaliana la kufanya kijijini kwao. Aina ile ya tatu ya mawasiliano ndiyo iliyobeba kazi, na ndiyo hiyo hiyo inayokufa pale kila swali linapopelekwa faraghani.

Nitoe mfano mmoja, na naomba mnivumilie nikiueleza kwa kirefu, kwa kuwa bila maelezo yake hoja yangu haitaeleweka. Katika somo la takwimu za elimu tulipewa kazi yenye alama za mtihani za wanafunzi 40 wa darasa moja, tukatakiwa kutafuta wastani, na kisha kipimo kinachoonyesha jinsi alama hizo zilivyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Wanaolijua somo hili wanafahamu kwamba hapo katikati kuna hatua ya kugawanya, na kwamba vitabu vingine vinagawanya kwa idadi ya wanafunzi wote, yaani 40, na vingine kwa idadi hiyo ukitoa moja, yaani 39. Karatasi ya maelekezo haikusema tufuate kipi.

Mwenzetu mmoja anayefundisha ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Mkwaja, alimwandikia mhadhiri kwa ile namba, akauliza iwapo wanafunzi hao 40 wachukuliwe kuwa wanawakilisha wanafunzi wa wilaya nzima. Alijibiwa upesi kwamba akiwachukulia hivyo agawanye kwa 39. Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa Lushoto aliuliza, naye kwa simu, iwapo tunaeleza hali ya darasa hilo tu, akajibiwa kwamba akifanya hivyo agawanye kwa 40. Kila mmoja alifurahi, akaifanya kazi yake, akawaambia walio karibu naye. Ijumaa jioni picha za skrini za majibu yote mawili zikakutana kwenye kundi la WhatsApp, kila moja ikiwa imekatwa ili kuonyesha jibu bila swali lililolitangulia.

Usiku ule kundi lilichafuka. Waliokuwa wamekwisha kupakia kazi zao walitaka kuziondoa na kuziandika upya, ilhali muda wa mwisho ulikuwa Jumapili saa 6 usiku na wengine walikuwa wamemaliza bando. Wapo waliosema mhadhiri hana hakika na somo lake. Wapo waliosema, na hili liliniuma, kwamba anawapa majibu watu anaofahamiana nao na kuwaacha wengine wajitafutie. Wenzetu wa Handeni na Pemba ambao hawakuwahi kumwandikia waliuliza kwa nini wao ndio wa mwisho kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuulizwa. Kati ya sisi tuliokuwa tukisoma ujumbe ule mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyekuwa na mahali pa kuona maswali mawili yakiwa yamekaa pamoja na majibu yake. Jumamosi kiongozi wa darasa, kwa ushauri wa baadhi yetu, aliyaandika yote kwenye jukwaa la majadiliano na kumwomba mhadhiri ayasome huko.

Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi, baada ya muda wa kuwasilisha kupita. Mhadhiri aliongeza muda hadi Jumatano, kisha akaandika maelezo ambayo mpaka leo nayahesabu kuwa ndiyo mhadhara bora wa muhula ule. Alisema majibu yote mawili ni sahihi kwa sababu maswali yalikuwa tofauti. Ukitaka kueleza alama za darasa lile peke yake, wanafunzi 40 ndio wote unaowazungumzia, nawe unagawanya kwa 40. Ukitaka kuwatumia kukisia hali ya wilaya, kumbuka kwamba wastani unaoutumia umetokana na alama zao wenyewe, na kwa hiyo alama hizo zinakaa karibu na wastani huo kuliko zinavyokaa karibu na wastani halisi wa wilaya. Ukigawanya kwa 40, mtawanyiko utaonekana mdogo kuliko ulivyo, na ndiyo sababu ya kutoa moja. Akaonyesha kwamba kwa wanafunzi 40 tofauti ya jibu la mwisho haifiki asilimia 2, lakini kwa wanafunzi 5 inazidi asilimia 11, kwa hiyo anayefanya utafiti katika shule yenye darasa dogo hawezi kulipuuza jambo hili. Chini yake yakafuata maswali mapya, baadhi kutoka kwa watu ambao hatukuwahi kuona majina yao jukwaani, na wanafunzi wakaanza kujibizana wenyewe.

Kwa hesabu ya muda, jibu lile la Jumatatu lilikuwa la mwisho kufika kuliko yote, na kwa faida lilikuwa la kwanza. Mpaka hapa nilikuwa nimekusudia kuhitimisha kwa kusema kwamba namba za wahadhiri zifichwe kabisa, na kwamba swali lolote la masomo lililoulizwa nje ya jukwaa lisijibiwe hata kwa neno moja. Hiyo ndiyo rai niliyokuwa nikiitetea kwa wenzangu.

Lakini kuandika habari za yule mwenzetu wa Mkwaja kumenirudisha kwenye mazungumzo niliyofanya naye kwa simu wiki chache baada ya tukio. Nilimuuliza kwa nini hakuuliza jukwaani. Aliniambia kwamba mwalimu mkuu wake anasoma kozi ile ile, na afisa elimu kata wake pia yumo. Kila anachoandika kinasomwa na watu wanaomkagua kazini, na yeye ndiye anayefundisha hisabati shuleni kwake. Zaidi ya hayo, jukwaani tunatarajiwa kuandika kwa Kiingereza, na lile swali lilimjia kwa Kiswahili. Alisema wazi kwamba kama ile namba isingekuwepo, asingeuliza kabisa, angegawanya kwa namba yoyote na kuiwasilisha kazi yake hivyo. Wanaosoma huku wakifanya kazi serikalini katika mkoa wetu wanaijua hali hii vizuri, maana madarasa ya mtandaoni yanamkalisha mtumishi pamoja na mkubwa wake, jambo ambalo darasa la kawaida hufanya mara chache. Na ukiangalia kwa haki, swali lake lile la faraghani ndilo lililozaa somo la Jumatatu.

Kwa hiyo siwezi tena kushauri namba ya mhadhiri ifungwe. Naona iachwe, mwanafunzi aulize popote anapopata ujasiri na kwa lugha inayomtoka, na kazi ya kulipeleka swali jukwaani iwe ya mhadhiri, bila kutaja aliyeuliza. Yanayohusu alama za mtu, ugonjwa, msiba au ada yabaki kati ya wawili. Najua kwamba ninamwongezea mhadhiri kazi, na kwamba mwenye wanafunzi mamia kadhaa hataweza bila msaidizi, hivyo chuo kisichompa msaidizi kisimlaumu. Najua pia kwamba kwa anayetegemea mtandao unaokuja na kuondoka, jukwaa halimfai kama halimletei nakala ya majibu kwa baruapepe, ambayo ataweza kuisoma atakapopata mawimbi.

Kuhusu muda mliouliza, siku 2 za kazi zinatosha kwa swali la kawaida, na siku 1 katika wiki ya kuwasilisha kazi. Ila katika kozi yenye watu wanaofahamiana kazini, swali lenyewe linaweza kumtaja aliyeuliza hata jina likiondolewa, kwa mfano likitaja shule yenye darasa la wanafunzi fulani katika kata fulani. Hapo mhadhiri abadili mfano, aweke shule nyingine na idadi nyingine, kisha aandike jibu kwa Kiingereza cha kozi na kwa Kiswahili cha aliyeuliza, na kama kufanya hivyo kutalisukuma jibu hadi siku ya tatu au ya nne, mimi kwa upande wangu nitangoja.

Msomaji wenu,
Tanga